Chipu yako ni ya 3.3V, HDMI inakuletea 5V, unafanyaje?

Wengi wakichora bodi ya HDMI wanahangaika na zile waya za picha tu, kumbe zenyewe hazina noma sana, TV inazivuta juu hadi 3.3V kwa resista za ohm 50 basi. Kinachoua chipu ni waya za pembeni. Pini 15 na 16, hizi ndo chipu inatumia kusoma TV ina uwezo gani, zinakaa 5V, sasa ukizipeleka moja kwa moja kwenye FPGA (chipu unayoipanga kazi mwenyewe) ya 3.3V umeiua mwenyewe.

Weka mosifeti (transista inayofanya kazi kama swichi) ndogo ya aina ya N, BSS138 inatosha, moja kwa kila waya: mguu wa geti uende 3.3V, wa sosi upande wa chipu, wa dreni upande wa HDMI, na kila upande uwe na resista yake ya kuvuta juu (kule kwa 5V tumia 1.8k hivi). Ukigeuza sosi na dreni ile diode ya ndani inapitisha 5V hadi kwenye chipu, mi nilishafanya huu ujinga.

Chipu ikiwa ya 1.8V achana na BSS138, geti yake inaweza isifunguke vizuri, tafuta chipu maalum ya kubadilisha voltiji.

Pini 19, ile TV inatumia kuiambia chipu kuwa imechomekwa, ni rahisi, ishara inaingia tu kwenye chipu haitoki, gawa voltiji yake ya 5V kwa 10k (upande wa TV) na 20k (kwenda graundi) unapata kama 3.3V.

Halafu zima bodi yako, acha TV inawaka, cheki kama ka-taa kako ka LED hakawaki kwa mbali. Kakiwaka, umeme unarudi kupitia zile ohm 50.