Jinsi ya kuandaa vielelezo vya likeni kutoka milima ya Mpwapwa

Likeni ni kuvu na mwani vinavyoishi pamoja, kwa hiyo haikaushwi kwa kubanwa kati ya magazeti kama mmea wa kawaida. Ukiibana ikiwa kavu inasagika, ukiifungia ingali mbichi inaota ukungu.

Kabla ya kupanda Kiboriani au Rubeho, pata kibali. Beba kisu kigumu, tindo, nyundo, miwani ya kukinga macho, chupa ya kupulizia maji, bahasha za kaki, penseli na GPS. Wino wa kalamu hutawanyika bahasha ikilowa.

Kiangazi likeni zenye umbo la majani huvunjika zikiguswa tu. Zipulizie maji, subiri dakika chache zilainike, kisha pitisha kisu chini ukichukua na ganda jembamba la mti. Zilizoganda kwenye jiwe hazibanduki, hivyo laza tindo upate kibanzi chembamba cha jiwe lenyewe. Usizikwangue, utabaki na unga usiotambulika. Nyingi hukua milimita chache tu kwa mwaka, basi ukikuta moja peke yake, iache.

Kila kielelezo na bahasha yake. Andika papo hapo: namba, tarehe, mwinuko, vipimo vya GPS, aina ya mti au jiwe, kivuli au jua. Wengi hupuuza mti, na hilo ni kosa kubwa, maana spishi nyingi huchagua gome la kuota.

Ukirudi Dodoma, fungua bahasha kivulini penye hewa. Kwa ukavu wa huku, siku mbili tatu kwa kawaida zinatosha. Usianike juani wala kutumia oveni. Zile pana zilaze kati ya karatasi za kufyonza maji zikiwa bado laini, juu uweke kitabu chepesi.

Zikishakauka kabisa, zifunge kwenye mfuko wa plastiki na uzigandishe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki nzima ili wadudu wafe. Ukizitoa, usifungue mfuko mpaka urudie joto la chumba. Ukifungua mapema, umande utatua juu ya likeni na kazi ya kukausha inaanza upya.

Pakiti ya kuhifadhia kielelezo hukunjwa kwa karatasi ya A4 isiyo na asidi. Isimamishe wima, kunja upande wa chini kwenda juu ukibakiza sentimita 7 juu ziwe kifuniko, kunja pembeni kwa nyuma sentimita 3.5 kila upande, kisha shusha kile kifuniko mbele. Utapata kama sentimita 14 kwa 11. Lebo ibandikwe kwenye kifuniko kabla ya kuweka kielelezo ndani.

Vipimo vya rangi vya kutambua spishi, kwa hidroksidi ya potasiamu au jiki mpya, vifanyie kwenye kipande kidogo kilichokatwa pembeni, ukitazama kwa lenzi. Rangi ya jiki huweza kutoweka ndani ya sekunde, kwa hiyo mwenzako aandike wewe ukitazama. Kipande hicho kitupe, kisirudi kwenye pakiti.

Kielelezo kikiwa kikubwa kigawe, sehemu moja uipeleke Hebaria ya Taifa (hifadhi ya vielelezo vilivyokaushwa), Arusha, kwa namba ileile.