Injini ikimisi: tafuta silinda iliyolala kabla hujanunua koili

Gari likitetemeka kwenye foleni, likakosa nguvu mlimani na taa ya injini ikawaka, huenda injini inamisi, yaani silinda moja imelala, haichomi petroli. Wengi hukimbilia dukani kununua koili nne, vifaa vinavyopeleka umeme kwenye plagi. Subiri kwanza. Toyota IST yangu ina injini ya 1NZ-FE, na humo kila silinda ina koili yake, imekaa juu ya plagi inayotoa cheche ya kuwasha petroli. Kwa hiyo unaweza kuipima mwenyewe nyumbani bila mashine yoyote.

Toa kifuniko cha plastiki. Koili nne utaziona, kila moja imeshikwa na bolti ya namba 10. Silinda ya kwanza ni ya upande wa mikanda. Injini ikiwa imezimwa, chomoa soketi ya waya ya koili ya kwanza. Bonyeza klipu taratibu, maana plastiki za magari haya zimeshakauka kwa joto. Washa, sikiliza. Mtetemo ukizidi, silinda hiyo ilikuwa nzima. Zima, rudisha waya, nenda ya pili. Ile ambayo ukiichomoa hakibadiliki kitu ndiyo iliyolala. Kila mara sekunde chache tu zinatosha: petroli isiyoungua huingia kwenye eksozi na kuharibu katalisti, kifaa cha kusafisha moshi.

Sasa acha injini ipoe kabisa. Hamisha koili ya silinda iliyolala, iweke kwa jirani, ya jirani ije huku, kisha rudia kupima. Misi ikihama na koili, koili imekufa. Nunua hiyo moja. Isipohama, fanya vivyo hivyo kwa plagi.

Koili ikiwa nje, mulika tochi kwenye shimo la plagi. Hapa ndipo mafundi wengi hupita haraka, na hapa ndipo koili mpya hufia. Ukikuta oili, gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha valvu) imechoka. Bila kuibadilisha utarudi dukani tena. Ukikuta maji, mara nyingi ni ya kuosha injini kwa presha. Nawasihi waosha magari wasielekeze mpira pale juu.

Plagi yenyewe ina habari zake. Ncha ya kahawia hafifu ni salama. Masizi makavu meusi yanaonyesha petroli imezidi hewa, basi kagua chujio la hewa. Namba ya plagi ikiishia na 11, mwanya wake ni milimita 1.1.

Wakati wa kurudisha, zungusha kwa vidole ukitumia boksi spana na rodi yake tu, mpaka plagi ikae. Ikigoma mwanzoni, itoe uanze upya, kwa sababu hedi (kichwa cha injini) ni ya aluminiamu na nyuzi zake huliwa upesi. Plagi mpya ikishakaa, ongeza nusu mzunguko. Ya zamani, iguse kidogo tu.

Misi ikibaki palepale baada ya yote hayo, mpelekee fundi. Mwambie koili na plagi umeshazihamisha, aanzie kwenye nozeli inayonyunyizia petroli na kupima kompresheni (mgandamizo) ya silinda hiyo.