Ndugu yako yuko Mafunzo na anatumia dawa? Usizitie kwenye boflo, fanya hivi

Wasokuwa Wazanzibari wajue tu kwamba Mafunzo kwetu ndo jela, na aliyefungwa anaitwa mwanafunzi, na boflo ni mkate.

Mdogo wangu alipokuwa ndani mgongo ulimsumbua, akaagizia kwa mtu aletewe tramadoli, basi bi mkubwa akachana boflo, akanyofoa kiini, akapanga vidonge vinane kwenye karatasi akafunika na siagi, ukilitazama huwezi kujua. Nimelikamata tuko mlangoni tunatoka na tukagombana wallahi. Yeye anaona anampelekea mwanawe dawa ya maumivu, ila ikishaingia ndani kidonge si dawa tena, ni pesa, kinanunua sigara kinanunua sabuni, na mwenye nacho anabanwa na wababe akitoe, au mwenyewe anaingia tamaa anakiuza, mgongo unabaki pale pale. Na aliyekinunua hajui ameze vingapi wala juu ya nini.

Hapo ndo hatari ilipo. Tramadoli na Valium, ile dawa ya wasiwasi na usingizi, kila moja inapunguza kasi ya pumzi, ukizichanganya mtu analala na pumzi inakata usiku wenzake wanadhani anakoroma tu. Tramadoli ikizidi inaleta degedege hata kwa asiyekuwa na kifafa.

Sasa utafanyaje. Chukua cheti cha daktari na dawa ikiwa kwenye boksi lake, usiimimine kwenye kifuko, ukabidhi kwa askari mchana kweupe na uombe ifike kwa muuguzi wa mle ndani. Andika kwenye karatasi jina la dawa, kiasi, saa anazokunywa, na dawa gani inamdhuru. Omba apewe dozi moja moja ameze mbele ya muuguzi na maji, asikabidhiwe pakiti nzima, atanuna lakini utakuwa umemuondolea wababe. Kama alikuwa anatumia Valium muda mrefu au dawa za kifafa sema siku ile ile ya kwanza, maana zikikatwa ghafla anaweza kupata degedege akafa. Na kama alikuwa kwenye methadoni, dawa ya kuachia unga (heroini), pale hospitali ya Kidongo Chekundu sema pia, usione haya, arosto ya ndani, yale mateso ya mwili kukosa dawa, ndo inayomfanya mtu ameze chochote anachopewa.

Mwenyewe ukiongea naye mwambie akiona mwenzake anakoroma kwa kukwaruza, haamki hata akitikiswa, midomo na kucha zimepauka, apige kelele askari waje, amlaze ubavu, asimwagie maji wala asimnyweshe maziwa, hiyo ya maziwa sijui nani katuletea.

Halafu siku ya kutoka, hapa wengi ndo wanapopotea. Mwili umekaa miezi bila ya kitu, umesahau, yeye anarudi na kile kipimo chake cha zamani cha unga au vidonge na kinamuua, wiki mbili za mwanzo ndo mbaya kabisa. Kwa hiyo asilale peke yake chumba cha uwani, na kama kuna vidonge vya bibi kabatini vitoe kabla hajafika.

Sisi tulienda wiki iliyofuata, bi mkubwa kashika cheti ndani ya nailoni na boflo zima. Askari akalikata vipande vinne vile vile.