Mashine ya kupima iodini kwenye mkojo: ijaribu kabla hujatia sahihi

Wenzangu wa maabara, muuzaji akija Kisumu na mashine inayomeza sampuli na kutapika majibu, tabasamu lakini kalamu iache mfukoni. Nimeshaponzwa na haraka hiyo.

Kwanza muulize mashine inafanya kazi ipi. Nyingi hutegemea mbinu ya Sandell na Kolthoff ya mwaka 1937: chumvi ya seriamu yenye rangi ya manjano hupauka ikikutana na aseniki, na iodini huharakisha kupauka huko. Weka mabomba mawili ya majaribio dirishani uone: lenye iodini nyingi linakuwa maji matupu huku jirani yake bado ni kama chai ya tangawizi isiyo na maziwa. Lakini kabla ya hapo mkojo lazima uchemshwe na amonia pesalfeti, nyuzi 95 hivi kwa saa moja, ili vitu vinavyovuruga viungue. Kama mashine inasoma rangi tu, kuchemsha ni juu yako, na makosa mengi huzaliwa hapo.

Pili, changanya mikojo upate vyungu vitatu: takriban mikrogramu 50, 100 na 300 kwa lita. Igandishe kwa vipimo vidogovidogo. Kila siku pima kila chungu mara 5, kwa siku 5. Gawa mkengeuko sanifu (jinsi majibu yanavyotawanyika) kwa wastani. Mimi nikiona zaidi ya asilimia 10 kwenye chungu cha 100, mazungumzo ya bei yanasimama.

Tatu, na hapa usiharakishe: chukua sampuli 40 zilizopimwa kwa mbinu unayoiamini, ikiwezekana ICP-MS (mashine kubwa inayotambua atomi kwa uzito wake), uzipitishe kwenye mashine. Muuzaji atakuonyesha uwiano wa 0.99 (yaani majibu ya mbinu mbili yanapanda na kushuka pamoja) kama cheti cha ndoa. Usidanganyike. Mashine inayozidisha kila jibu kwa asilimia 20 itapata uwiano huohuo mzuri, na jibu la katikati (median) la watoto wa shule ambalo kweli ni 90 litasomeka 108. Kwa Shirika la Afya Duniani (WHO), iodini ya kutosha huanzia 100, kwa hiyo kijiji chenye upungufu kitaandikwa hakina shida. Chora tofauti ya majibu mawili ya kila sampuli, uangalie hasa kati ya 50 na 150.

Nne, pitisha sampuli yenye iodini nyingi mara tatu kisha maji safi mara tatu. Maji ya kwanza yakisomeka juu, sindano inabeba mabaki.

Maswali ya wanachama

*Bondo: Maji matupu yananipa iodini. Mashine mbovu?*
Anza na majirani zako. Sisi tulihangaika wiki nzima, kumbe chumba cha pili walikuwa wanasafisha vidonda kwa povidoni-iodini, na aliyetuletea maji alipitia huko. Dawa hiyo isikanyage maabara, hata kwa kupangusa meza.

*Kakamega: Watu wetu hula muhogo na sukuma wiki. Je, hiyo haivurugi?*
Thayosayanati ya mboga hizo inaweza kuvuruga rangi, lakini ukichemsha sawasawa inaungua. Ongeza mikojo ya watu hao kwenye zile 40, usitumie ya wafanyakazi wa maabara peke yake.

*Nakuru: Mgonjwa mmoja akileta mkojo, nimwambie ana upungufu?*
Hapana, dada. Iodini ya mkojo hupanda na kushuka siku hiyohiyo. Majibu hayo ni ya kundi.

*Siaya: Stima ikikatika katikati?*
Tupa mzunguko huo wote uanze upya. Rangi haingojei jenereta. Andika siku hiyo kwenye daftari la majaribio, maana nayo ni sehemu ya tathmini.

*Homa Bay: Uchafu wa aseniki tunamwaga wapi?*
Si kwenye sinki! Huko ni kuupeleka ziwani kwa omena. Kusanya kwenye galoni yenye kifuniko na alama ya sumu, umkabidhi mwenye leseni ya taka hatari. Gharama hiyo iingie kwenye hesabu ya mashine tangu mwanzo.