Mashine Imetulia, Haijazimwa: Pazia la Mwanga na Kufuli kwenye Laini ya Kufungasha

Mashine za zamani za Eneo la Viwanda, Nairobi, zikisimama ujue kuna mtu amezizima. Mashine inayoongozwa na sensa, yaani vifaa vya kuhisi, husimama kwa sababu inasubiri katoni. Katoni ikifika mashine inaanza kwenda, mkono wako uwe ndani au nje.

Anza na pazia la mwanga, yaani safu ya miali inayosimamisha mashine mkono unapoikata. Kosa kubwa ni kulifunga panapopendeza badala ya mahali hesabu inaposema. Pima mara kumi muda tangu mwanga ukatwe hadi mashine isimame kabisa, uchukue ulio mrefu kuliko yote. Tuseme ni sekunde 0.25, muda wa pazia na wa rilei (swichi inayokata umeme) ukiwemo. Kanuni ya ISO 13855, kiwango cha kimataifa cha usalama wa mashine, huchukulia kwamba mkono huenda milimita 2000 kwa sekunde, kwa hiyo pazia linalotambua kitu cha milimita 14 likae milimita 500 kutoka kwenye kisu cha mashine. Pazia la milimita 30 ni nafuu, ila huongezewa milimita 128 kwa kuwa vidole hupenya kabla halijashtuka. Jumla inafika 628. Ikivuka 500, kanuni inaruhusu kurudia hesabu kwa mwendo wa milimita 1600 kwa sekunde: yaani 400 na 128, sawa na 528. Nafasi hiyo inamtosha mtu mwembamba kusimama ndani bila kuonekana. Izibe kwa wavu au chuma cha mshazari.

Breki ikilika, hesabu yote imeharibika. Pima upya kila breki inapoguswa. Kila zamu ikianza, pitisha kijiti cha majaribio, chenye unene ambao pazia linatakiwa kutambua, juu, katikati na chini. Taa ya pazia ikirudi kijani kijiti kingali ndani, laini isiwashwe.

Umeme ukikatika na jenereta ikashika, mashine isijiwashe yenyewe. Kitufe cha kuianzisha upya kiwe nje, mahali anayekibonyeza anaona eneo lote la hatari, na aliye ndani hakifikii.

Katoni ikikwama, pazia halitoshi. Zima swichi kuu, weka kufuli lako, ufunguo mfukoni mwako. Watu wawili, makufuli mawili. Funga vali ya hewa, itoe iliyobaki, utazame geji hadi sifuri: silinda yenye hewa husukuma hata umeme ukiwa haupo. Kifaa cha kuendesha mota hubaki na chaji, basi subiri dakika zilizoandikwa kwenye kibandiko chake. Kisha bonyeza kitufe cha kuwasha, kuhakikisha haiamki. Na kama mhandisi anaweza kuiwasha akiwa ofisini kwa kompyuta, geuza kwanza swichi ya ufunguo iwe ya hapo mashineni tu. Hili husahaulika kuliko yote.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka kamati ya usalama penye wafanyakazi 20 au zaidi. Ipewe kumbukumbu za sensa, si karatasi za mahudhurio tu.

Ukikuta sumaku imebandikwa kwa selotepu kwenye swichi ya mlango ili mashine idhani umefungwa, usimfokee mtu kwanza. Soma kwenye skrini mlango ulifunguliwa mara ngapi katika zamu kabla sumaku haijawekwa. Ikiwa ulifunguliwa mara arobaini, kuna kitu kinachokwama, mara nyingi gundi iliyopoa au reli ya katoni iliyopinda. Bandua sumaku, kisha urekebishe chanzo hicho.