Kamisheni za minada ya eBay: anza na kitu unachokijua

Vijana wanaokuja saiba yangu, yaani duka langu la intaneti, hapa Nakuru kutafuta kazi ya mtandaoni huwa wamechoka kabla hawajaanza. Wameambiwa wajiunge na programu ya kamisheni, ile inayokulipa ukimletea muuzaji mnunuzi, wachukue viungo vya bidhaa (linki), wavimwage kwenye kila kikundi cha WhatsApp. Wanavimwaga. Hakuna anayenunua, maana binamu yako wa Lanet hana haja na kamera ya mitumba iliyoko Ohio, na hata angeitaka, gharama ya kuisafirisha ingeipita bei yenyewe. Mimi huwauliza jambo moja tu: wewe unajua nini ambacho Mwingereza mstaafu, mwenye hela kidogo za kuchezea na muda mwingi, angependa kuelezwa?

Jibu langu mimi ni sarafu za kikoloni za Afrika Mashariki. Lako laweza kuwa stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika, au santuri za benga, au vipuri vya Land Rover za zamani ikiwa umekulia gereji. Nitaeleza kwa sarafu kwa sababu ndizo ninazozijua, wewe badilisha.

Mfumo wenyewe hauna siri. eBay, soko la mtandaoni la minada na bidhaa za kila aina, ilianza California mwaka 1995, na tangu 2008 ina programu yake ya kamisheni inayoitwa eBay Partner Network. Kujiunga ni bure. Unaeleza ni wapi utaweka viungo, iwe tovuti yako au ukurasa wako wa Facebook, unajaza fomu ya kodi ya Marekani inayosema wewe si raia wala mkaazi wa huko, kisha unasubiri kukubaliwa. Ukikubaliwa unapewa namba ya kampeni, na kila kiungo utakachotengeneza kitabeba namba hiyo. Mtu akibofya na akanunua, eBay inakukatia asilimia fulani ya bei. Mnunuzi haongezewi hata senti. Wewe hushiki bidhaa, huendi posta, hujibu malalamiko.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo pesa hupotelea. Kubofya kuna saa zake: 24. Kwa bidhaa ya bei iliyopangwa, isiyo ya mnada, mtu akinunua ndani ya saa hizo, umepata. Kwa mnada, sheria ni kwamba lazima atie dau ndani ya saa 24 tangu abofye kiungo chako, halafu ashinde mnada huo ndani ya siku 10. Tuseme mnada wa siku saba umeanza Jumapili. Msomaji wako anabofya Jumatatu jioni, anatia dau Jumanne asubuhi, Jumapili inayofuata anashinda. Kamisheni ni yako. Msomaji mwingine anabofya Jumatatu hiyo hiyo, anauweka mnada kwenye orodha yake ya kufuatilia, anakaa kimya. Jumapili zikibaki sekunde tano anarudi mwenyewe na kutia dau la ushindi. Wewe huna chako, hata kama ni maelezo yako yaliyomfanya aitamani ile sarafu.

Na wakusanyaji wazoefu wote ni wa aina hiyo ya pili. Kwa nini aonyeshe nia yake mapema na kupandisha bei bure? Kwa hiyo kazi yako ni mbili. Kwa wageni, waeleze kwamba kwenye eBay unatia kiwango chako cha juu kabisa na mfumo wenyewe unakupandishia dau kidogo kidogo hadi hapo, hivyo hakuna haja ya kukesha. Ni kweli, na inawafanya watie dau siku ile ile waliyobofya. Kwa wazoefu, wafikie siku ya mwisho wa mnada.

Siku hiyo mara nyingi ni Jumapili, kwa kuwa wauzaji wanajua watu wako nyumbani. Mnada wa Uingereza unaofungwa saa mbili usiku kwao, majira yao ya joto, hapa kwetu ni saa nne usiku. Majira yao ya baridi ni saa tano. Wa California unaofungwa saa kumi na mbili jioni unakuwa saa kumi alfajiri ya Jumatatu huku Nakuru majira yao ya joto, na saa kumi na moja majira ya baridi, hivyo tangazo lake liandae mchana na uliweke kabla ya kulala. Mimi Jumapili baada ya kanisa hupitia minada inayofungwa usiku, nachagua mitatu au minne ya maana, naandika mistari michache juu ya kila mmoja. Siweki ishirini. Ukiweka ishirini umekuwa mtangazaji tu, na mtangazaji hana anayemsikiliza.

Nini cha kuandika, basi? Chukua senti kumi ya mwaka 1936. Ninayo moja hapa mezani. Ni ya shaba nyeusi, pana kuliko shilingi ishirini ya leo, ina tundu katikati. Upande mmoja taji limekaa juu ya tundu. Upande wa pili pembe mbili za ndovu zimelizunguka. Kwa sababu ya tundu hakuna kichwa cha mfalme, ni jina tu pembezoni, na jina hilo ni EDWARDVS VIII, yaani mfalme Edward wa Nane wa Uingereza. Huyu alirithi kiti Januari 1936 na kukiachia Desemba mwaka ule ule, kabla hata ya kutawazwa. Nchini Uingereza sarafu zake hazikuwahi kuingia sokoni. Zetu za tundu ziliingia, senti tano na senti kumi, na ndiyo maana mzee wa Yorkshire anayetaka wafalme wote wa karne ile kwenye albamu yake anaishia kuitafuta ndururu ya Afrika Mashariki.

Kuna mstaafu wa reli kule Bondeni ambaye huniletea za kwake nimwangalizie bei. Safari moja alizimwaga kaunta akaniambia, "Kijana wangu, hii ya Edward wanasema ni mamilioni."

"Mzee, hii utapata ya chai na mandazi," nikamwambia. "Zilitengenezwa nyingi mno."

Alinikazia macho. "Sasa mbona wazungu wanaitafuta?"

Swali lake ni zuri kuliko majibu mengi niliyosoma. Wanaitafuta kwa hadithi yake, wala haijaadimika. Na mtu anayenunua kitu cha bei ndogo kwa sababu ya hadithi ndiye mteja mzuri wa kuanzia, kwani hahitaji kumwuliza mkewe. Andika ukweli huo kwenye ukurasa wako: ni ya kawaida, bei yake ndogo, soma jina la mfalme na si mwaka peke yake, tafuta herufi H au KN zinazoonyesha kiwanda cha Uingereza kilichoipiga. Mtu akishaona humdanganyi kwenye sarafu ya bei ya chai, atakuamini utakapomwonyesha florini ya 1920, ile ya fedha iliyotumika kwa muda mfupi kabla ya shilingi kuchukua nafasi yake, au paisa ya Mombasa ya 1888 yenye mizani. Hizo ndizo zenye kamisheni ya kuonekana.

Ujuzi huo huo unakukinga na matangazo mabovu. Shilingi za mfalme George wa Tano za miaka ya 1920, na za George wa Sita hadi 1946, zina fedha robo. Kuanzia 1948 hazina fedha hata chembe. Muuzaji akiandika kwamba shilingi yake ya 1952 ni ya fedha, ama hajui ama anajua sana. Vyovyote vile usimpelekee msomaji wako. Angalia pia asilimia ya sifa alizopewa na wanunuzi, na kama picha ni za sarafu yenyewe pande zote mbili. Mnunuzi akirudisha bidhaa, kamisheni yako inafutwa, kwa hiyo muuzaji mbovu ni hasara yako pia.

Andika kwa Kiingereza chepesi. Najua naandika haya kwa Kiswahili, lakini wasomaji wa ukurasa wako wako Leeds na Toronto.

Viungo sasa. Kiungo cha mnada mmoja hufa mnada ukifungwa, na ukurasa wako utabaki na mlango unaofunguka kwenye chumba kitupu. Kwa hiyo vya mnada mmoja viweke kwenye matangazo ya Jumapili tu. Kwenye kurasa za kudumu weka kiungo cha utafutaji. Nenda eBay, andika "east africa 10 cents 1936 edward", ongeza "-copy -replica" ili nakala za bandia ziondoke, chagua minada pekee na upange kwa inayokaribia kufungwa. Ukitazama anwani juu ya kivinjari utaona LH_Auction=1, ambayo ndiyo minada pekee, na _sop=1, ambayo ndiyo ule mpangilio. Nakili anwani yote, ipeleke kwenye kifaa cha kutengenezea viungo ndani ya akaunti yako ya programu, itatoka ikiwa na namba yako. Kiungo hicho kitakuwa na minada mipya kila wiki bila wewe kukigusa.

Unapotengeneza kiungo kuna nafasi ya kuweka alama yako mwenyewe. Itumie. Mimi naandika kitu kama edward-ukurasa kwa kimoja na edward-jumapili kwa kingine, hivyo ripoti ikija naona ni kipi kilicholeta mnunuzi. Bila alama utaona jumla tu na hutajua cha kuacha.

Tenganisha pia masoko. Aliye Uingereza mpeleke ebay.co.uk, aliye Marekani ebay.com. Ukimpeleka mtu wa Leeds kwenye mnada wa Texas ataona gharama ya kusafirisha na ushuru, atafunga.

Kujua bei kabla hujaandika, chagua kwenye utafutaji zile zilizouzwa. Bei aliyoweka muuzaji ni ndoto yake. Bei iliyouzwa ndiyo habari. Fanya hivyo kila mara kabla ya kumwambia mtu sarafu ina thamani gani.

Masharti ya programu yasome mwenyewe hadi mwisho, lakini haya ndiyo yanayowafungia watu akaunti. Usinunue kupitia kiungo chako, wala usimtume ndugu anunue. Usiwaombe watu wabofye ili kukusaidia. Usilipie matangazo ya Google kwa kutumia jina la eBay. Sema wazi kwenye ukurasa kwamba unalipwa mtu akinunua; sheria za Marekani zinataka hivyo, na wasomaji hawachukii. Na ukikutana na mtu anayeuza programu ya kupachika alama za kubofya kwenye simu za watu ambao hawajabofya kitu, mkimbie. Shawn Hogan, mmoja wa waliolipwa kamisheni nyingi zaidi na eBay enzi zake, alifungwa miezi mitano na mahakama ya Marekani mwaka 2014 kwa mchezo huo.

Tupige hesabu, maana kuna watu wanasoma haya wakiwa tayari wameacha kazi. Asilimia hutegemea kundi la bidhaa, na ni chache. Tuseme kundi lako linalipa 3. Florini ikifungwa kwa dola 80, wewe una dola 2 na senti 40. Gharama ya posta haihesabiwi. Senti kumi ya Edward ikifungwa kwa dola 4, una senti 12. Hii ni pesa ya kuongezea juu ya nyingine, inayokua kadiri kurasa zako zinavyokuwa nyingi na kupatikana kwa urahisi. Anayekuahidi mshahara mwezi wa kwanza anataka kukuuzia kozi.

Malipo yanaweza kuja kwa PayPal, na tangu 2018 unaweza kuyatoa PayPal hadi M-Pesa moja kwa moja. Hakikisha jina la PayPal na la laini yako ni lile lile la kitambulisho. Kiwango cha kubadilisha dola kitakuwa chini kuliko unachokisikia kwenye taarifa ya habari, usishtuke.

Halafu KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Sheria ya Fedha ya 2023 ilitaja kamisheni za aina hii kwa jina, chini ya mapato ya maudhui ya mtandaoni, na kuziwekea kodi ya zuio, ile anayoikata mlipaji kabla ya kukulipa, ya asilimia 5 kwa mkaazi. Kampuni ya ng'ambo ikikutumia pesa bila kukata, haimaanishi hudaiwi. Hifadhi ripoti za kila mwezi za programu pamoja na taarifa za PayPal kwenye folda moja, na uyatangaze mapato hayo kwenye ritani yako ya iTax kabla ya Juni 30. Usisubiri wiki ya mwisho ya Juni. Wakati huo saiba yangu huwa na foleni hadi nje, na mfumo wenyewe unatambaa.