Somo: Namna ya kufuatilia jina la ukoo la Kiingereza lenye watu wachache (mfano wetu: Speke)

Ukitoka Mwanza kwenda Musoma, ziwa linakuwa mkono wako wa kushoto, na sehemu ile ya maji iliyo kati ya bara na Ukerewe, pale inapomwagika mito ya Simiyu, Mbalageti na Grumeti, kwenye ramani inaitwa Ghuba ya Speke. Tumelizoea jina hilo kiasi kwamba hatukumbuki tena kuwa ni jina la ukoo wa watu, na kwamba huko kwao Uingereza wenye nalo ni wachache mno.

Wengi mmeniuliza namna ya kufuatilia jina la Kiingereza, wengine kwa sababu ya mmisionari aliyembatiza babu, wengine kwa ajili ya mkwe. Badala ya kueleza hewani nitatumia Speke. Jina adimu lina raha yake: ukilikuta kwenye daftari la zamani, kuna uwezekano mkubwa kwamba umepata watu unaowatafuta. Ubaya wake ni kwamba herufi moja ikikosewa, ukoo mzima unapotea machoni.

Hatua ya 1: Lisikie kabla hujaliandika

Sisi tunasema "Spe-ke", silabi mbili. Wenyewe wanasema "Spiik", silabi moja. Usidharau jambo hili. Karani wa sensa au kasisi wa kijijini aliandika alichosikia, na wananchi wengi hawakujua kusoma ili wamsahihishe. Kwa hiyo orodha yako ya tahajia iwe na Speke, Speake, Speak na Speek, na ukirudi nyuma hadi enzi za Wanormani (watu kutoka Ufaransa walioiteka England mwaka 1066) uongeze Espec na Spech. Tafuta kila moja peke yake. Usitegemee programu ikufanyie kazi hiyo.

Kuhusu asili ya jina, wataalamu wa majina wanalihusisha na neno la zamani la ndege kigong'ota. Yaani ilianza kama jina la utani: mtu fulani aliitwa kigong'ota, labda kwa sura, labda kwa kelele, na watoto wake wakalirithi.

Hatua ya 2: Tenganisha mahali na mtu

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Liverpool kuna kitongoji kinaitwa Speke, na uwanja wa ndege wa mji huo uko hapo hapo. Kuna pia jumba la kale la mbao nyeusi na kuta nyeupe, Speke Hall, lililoanza kujengwa miaka ya 1530. Mtu anaona jumba, anaona jina, anahitimisha: hawa ndio wakina Speke. Hapana. Jumba lile lilijengwa na ukoo wa Norris. Jina la mahali pale limo kwenye Domesday, daftari la mfalme la kuorodhesha ardhi la 1086, na asili yake ni neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya vijiti na vichaka.

Sasa nenda Devon, karibu na mji wa Exeter, utakuta kijiji kinaitwa Brampford Speke. Huko mambo yamegeuka: kijiji kilikuwa Brampford, kikaongezewa jina la ukoo uliokimiliki. Kwa hiyo mbele ya kila mahali penye jina unalolitafuta, jiulize nani alimpa mwenzake jina. Wako watu waliopewa jina na mahali, na kuna mahali palipopewa jina na watu.

Hatua ya 3: Simama kwenye sensa ya 1881

Uingereza ilianza kuhesabu watu 1801, lakini majina ya watu wote yalianza kuhifadhiwa na sensa ya 1841. Ya 1841 ina upungufu: umri wa watu wazima wengi ulipunguzwa hadi kigawe cha tano kilicho chini yake, na mahali pa kuzaliwa pameandikwa tu kama ni ndani ya kaunti ile au la. Kuanzia 1851 unapata parokia aliyozaliwa mtu. Ile ya 1881 ndiyo inayopendwa kwa kuchora ramani za majina kwa sababu ilinakiliwa yote na watu wa kujitolea, na unaweza kuipekua bure kwenye tovuti ya FamilySearch.

Ukiweka tahajia zetu kwenye ramani, picha inajigawa. Speke yenye "ke" ni ya kusini-magharibi, Somerset na Devon. Speak ni jina la kaskazini, Lancashire na upande wa Yorkshire unaopakana nayo. Speake iko zaidi Shropshire, karibu na mpaka wa Wales. Msiseme haraka kwamba ni ukoo mmoja uliotawanyika. Jina la utani linaweza kuzaliwa mahali patatu bila watu hao kujuana, na huko Lancashire ya wakati ule kulikuwa pia na kile kitongoji cha Liverpool ambacho kingeweza kuwapa watu jina.

Mambo mawili ya kuangalia unaposoma ramani hizi. Kwanza, usihesabu vichwa tu. London itaonekana na watu wengi wa kila jina kwa sababu London ina watu wengi wa kila aina. Linganisha idadi ya wenye jina na wakazi wote wa eneo. Pili, sensa humhesabu mtu pale alipolala usiku ule, na kwa 1881 ulikuwa usiku wa Aprili 3. Msichana wa kazi aliyelala kwenye nyumba ya tajiri London, safu ya mahali pa kuzaliwa inakuambia kazaliwa Ilminster, Somerset. Kwenye ramani yako mpeleke Ilminster. Ukifanya hivyo kwa kila mmoja, vidoti vilivyosambaa vinarudi kukusanyika kwenye vijiji vichache.

Hatua ya 4: Rudi nyuma kwa vyeti, kisha kwa makanisa

Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo kwa England na Wales ulianza Julai 1, 1837. Faharasa yake iko mtandaoni bure, na ile ya ofisi ya usajili yenyewe inakupa jina la ukoo la mama hata kwa watoto wa 1837. Kabla ya hapo ni rejista za parokia, zilizoamriwa kuanza 1538: ubatizo, ndoa, maziko. Parokia nyingi zimepoteza kurasa za mwanzo. Ukifika hapo nenda taratibu, kijiji kwa kijiji.

Hatua ya 5: Wosia

Kwa ukoo wenye ardhi, wosia ni dhahabu. Kabla ya Januari 1858 wosia ulithibitishwa kwenye mahakama za kanisa, baada ya hapo serikalini. Lakini kwa jina letu kuna pigo: wosia nyingi za Devon na Somerset zilikuwa zimehifadhiwa Exeter, na mabomu ya Wajerumani ya 1942 yaliziteketeza. Kaunti mbili hizo hizo tunazozihitaji! Kinachobaki kwa sehemu kubwa ni zile zilizothibitishwa kwenye mahakama kuu ya kanisa ya Canterbury, ambazo kwa kawaida ni za wenye nacho. Kwa hiyo wakina Speke wenye mashamba makubwa wanaonekana, na wakina Speke mafundi seremala, kama walikuwepo, wamekaa gizani.

Hatua ya 6: Tafuta pale jina lilipokatika

Hii ndiyo hatua niipendayo. Jina la Kiingereza hufuata upande wa baba, hivyo ukoo ukibaki na binti tu, mali inaendelea na jina linakufa. Wakina Speke walikuwa na matawi karibu na Ilminster: Whitelackington, Dillington, Jordans. George Speke wa Whitelackington alimuunga mkono mwasi Duke wa Monmouth, na mwanawe Charles alinyongwa Ilminster mwaka 1685 baada ya uasi kushindwa. Tawi la Dillington liliishia kwa binti, Anne Speke, aliyeolewa mwaka 1756 na Lord North, yule aliyekuwa waziri mkuu Uingereza ilipopoteza makoloni yake ya Marekani. Watoto wa Anne wakawa North. Hawakupungua watu, lilipungua jina.

Baadaye Dillington ikawa mikononi mwa ukoo wa Hanning. Sasa mtazame mgunduzi wetu, yule aliyelitaja Ziwa Victoria kuwa chanzo cha Nile na ambaye ghuba yetu ina jina lake: John Hanning Speke, aliyezaliwa Mei 4, 1827. Hilo jina la katikati si la mapambo. Mama yake alikuwa Georgina Hanning. Waingereza wa tabaka lile walipenda kumpa mtoto jina la ukoo la mama katikati, kwa hiyo ukikuta jina la katikati linalofanana na la ukoo, anza kulitafuta hapo hapo. Mara nyingi linakuokolea safari ndefu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Nansio: Shikamoo mwalimu. Je, huyu Speke aliacha watoto? Huku kuna mzee anaitwa Speke na vijana wanamtania kwamba ni mjukuu.

Marahaba mwanangu. Hakuoa, na hakuna mtoto wake anayejulikana kwenye kumbukumbu. Alikufa Septemba 15, 1864 kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa kwenye uwindaji huko Wiltshire, siku moja kabla ya mjadala wake na Richard Burton, msafiri mwenzake wa zamani, kuhusu chanzo cha Nile. Amezikwa Dowlish Wake, Somerset. Mzee wenu bila shaka alipewa jina, kama wengi walivyopewa Livingstone au Stanley. Jina la kwanza halibebi ukoo. Mwambieni salamu zangu.

Mwanachama wa Bukoba: Mkuu, kwenye mti mmoja wa nasaba mtandaoni wamemuunganisha moja kwa moja na Walter Espec. Inakubalika?

Walter Espec ni mtu wa kweli. Alianzisha abasia (makao ya watawa) ya Rievaulx, Yorkshire, mwaka 1132, na alikuwa kwenye vita vya Northallerton mwaka 1138. Tatizo ni kwamba hakuacha mrithi, na mashamba yake yakaenda kwa dada zake. Kwa hiyo hawezi kuwa babu wa moja kwa moja wa wakina Speke wa Somerset. Anaweza kuwa ndugu wa babu yao wa mbali, na ukoo wenyewe umependa kujihusisha na Wanormani hao, lakini mti unaomuweka kama baba ufute. Miti ya mtandaoni hunakiliwa kama nyimbo za harusi, kila mtu anaimba bila kumjua mtunzi.

Mwanachama wa Kampala: Kaka, mbona umezungumzia watu tu? Huku jina liko mtaani na mlimani.

Umenigusa ninapopenda. Mlima Speke uko kwenye Rwenzori, mita 4,890. Jina hilo uliwekewa na Duke wa Abruzzi kutoka Italia alipopanda huko mwaka 1906. Nzohe kwa jina la kisayansi ni Tragelaphus spekii, na kuna swala wa Somalia na mnana wenye jina hilo hilo. Ghuba yetu iliitwa hivyo na Stanley alipolizunguka ziwa mwaka 1875. Na Stanley mwenyewe alizaliwa Wales akiitwa John Rowlands! Mtu aliyejibadilishia ukoo ndiye aliyebandika ukoo wa mwenzake kwenye maji yetu. Ila kwenye jedwali lako weka safu mbili, ya watu na ya ramani. Ukichanganya, utajikuta unaamini kwamba kuna wakina Speke Magu.

Mwanachama wa Dodoma: Vipi kuhusu vipimo vya DNA, si vingemaliza ubishi?

Vinasaidia. Kromosomu Y, sehemu ya DNA waliyonayo wanaume, hutoka kwa baba kwenda kwa mwana kama lifuatavyo jina. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester walionyesha kwamba wanaume wenye jina adimu hufanana zaidi kuliko wenye jina la kawaida: kwa jina Attenborough, karibu tisa kati ya kumi walikuwa wa kundi moja, ilhali wakina Smith walitapakaa kila upande. Kwa hiyo mwanaume mmoja wa Speke wa Somerset na mmoja wa Speak wa Lancashire wakipimwa, tungejua mengi. Lakini kupima kuje baada ya karatasi. Bila karatasi utaambiwa mnafanana, na hutajua mnakutania wapi.

Mwanachama wa Tanga: Na Sidi Mubarak Bombay, aliyemwongoza Speke mara mbili? Tunaweza kumfuatilia kwa hatua hizi?

Kwa hatua hizi, hapana, dada. Hakuna rejista wala sensa inayomhusu utotoni. Tunachojua ni kile alichomsimulia Speke: kwamba ni Myao, alikamatwa akiwa mtoto, akapitishwa Kilwa, akauzwa Zanzibar na kupelekwa India, akawa huru bwana wake alipofariki. "Sidi" ni jina la Waafrika walioko India, na "Bombay" ni mji. Hakuna hata moja kati ya hayo linalotoka kwao. Baada ya Speke alisafiri na Stanley, kisha na Cameron, hivyo maandishi ya misafara hiyo ndiyo pa kuanzia. Na ukifika Uyaoni, badili njia kabisa: Wayao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, kwa hiyo hata tukipata jina la baba yake halitatufikisha kwa watu wake. Tafuta wajomba.